Njooni na Futi Kamba

Ndugu zangu madereva na wenye magari wa Mpanda, kagueni matairi yenu ya mbele. Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka ndani kwenda nje, kisha kirudishe. Kikiteleza kwenda na kukwaruzwa kurudi, tairi hilo haliviringiki tu, linaburuzwa.

Gurudumu lililokaa upogo kwa nyuzi moja husukumwa ubavu kama mita 17 katika kila kilomita. Kufika Sitalike, umesugua mpira bure zaidi ya nusu kilomita. Halafu tunalaumu matairi, eti ya siku hizi feki. Mengine feki kweli, lakini si yote. Makorongo ya barabara za vumbi na matuta tunayoyarukia hupinda tairodi na kulegeza boljointi, nasi tunasema, "linavuta kidogo tu." Anayesema hivyo hajawahi kubadilisha tairi ndani ya Hifadhi ya Katavi, mbung'o wakimshambulia mgongoni, huku abiria wakichungulia vichaka.

Ombi langu kwa kila stendi na kijiwe: tuchange tununue futi kamba, na kabla mvua za Novemba hazijakolea tutenge asubuhi moja tupime magari yote, ya abiria yakitangulia. Upepo uwe sawa kwanza. Tia alama ya chaki nyuma ya kila tairi la mbele, katikati, kwa kimo kimoja. Pima umbali kati ya alama hizo. Sukuma gari mpaka alama zigeukie mbele, pima tena. Kwa magari mengi, tofauti ya milimita mbili tatu si neno. Ikifika sentimita moja, gari linakula matairi.

Futi hairekebishi kitu, inatuonyesha nani aende kwa fundi. Fundi naye atikise tairodi na boljointi kwanza, maana kupiga alaimenti juu ya vyuma vilivyolegea ni kutupa hela. Tukienda kumi pamoja kwenye mashine, tutapatana bei. Anayekwenda peke yake hutajiwa bei.

Nanyi matajiri, siku hiyo msimdai dereva hesabu. Gari likisimama asubuhi moja kwa hiari, si hasara.

Chaki naleta mimi.