Mcheza Kwao Hutunzwa: Tuache Kuwadharau Wanaosoma Karibu na Nyumbani

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, simu yangu hulia kuliko siku za kawaida. Nimezaliwa na kukulia Kariakoo, na kwa majirani zangu wa zamani mimi ndiye "Dokta" wa kuulizwa mambo ya vyuo. Swali hubadilika maneno tu. Kiini chake ni kimoja: je, mtoto wetu aende mbali, au asome hapa hapa mjini?

Aliyeniuliza mara ya mwisho ni mama mmoja anayeuza vitenge karibu na Mtaa wa Uhuru. Binti yake anataka kusomea ununuzi na ugavi katika Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, ambacho kutoka dukani kwao ni mwendo wa miguu: unakatiza Mnazi Mmoja, unashika Barabara ya Bibi Titi Mohamed, umefika. Wajomba wa binti wamekuja juu. "Kaka, wanasema namtia mtoto aibu," aliniambia. "Eti mtu amalize kidato cha sita, kisha aende chuo kwa miguu kama anakwenda shule ya msingi?"

Sikumjibu papo hapo, kwa sababu swali hilo lina deni langu ndani yake. Miaka kadhaa iliyopita, mdogo wangu wa kiume alipata nafasi katika chuo cha hapa mjini, cha kwenda na kurudi nyumbani. Mimi nilikuwa nimeanza kazi ya kufundisha, na kichwa kilikuwa kimejaa hadhi. Nikamwambia asikubali, nikamsukuma aende chuo kikuu cha mikoani kilichokuwa na jina kubwa zaidi. Mkopo alioupata haukutosheleza gharama zote. Baba aliongezea kwa faida ya meza yake ya biashara, nami niliongezea nilipoweza. Kodi ya chumba, chakula na nauli vilikula kila kitu, na mwaka wa pili ada ikakosekana. Akarudi nyumbani bila cheti. Hadi leo anauza viatu Kariakoo, na hajawahi kunilaumu. Ukimya wake huo ndio unaoniuma.

Sisemi kwamba angehitimu bila shaka kama angebaki. Nasema kwamba nilimchagulia kwa kutazama jina la chuo, bila kupiga hesabu ya sahani na kitanda. Familia nyingi za mjini hufanya kosa hilo hilo kila mwaka, na wasomi kama mimi ndio tunaowafundisha kulifanya.

Dharau hii kwa chuo cha jirani haina msingi hata katika historia yetu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho leo tunakiita Mlimani kwa fahari, hakikuzaliwa mlimani. Kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 15. Kilihamia mlimani mwaka 1964. Kwa maneno mengine, chuo kikuu mama cha nchi hii kilianzia pembeni mwa Kariakoo. Baadaye katikati ya jiji pakajengeka elimu ya kila aina: taasisi ya ufundi iliyoanza mwaka 1957 na ambayo leo ni DIT, CBE mwaka 1965, Maktaba Kuu ya Taifa mwaka 1967, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, mwaka 1972. Kijana wa Gerezani anaweza kuvifikia vyote bila kupanga chumba.

Aliyeishia kidato cha nne naye hajafungiwa mlango. Mfumo wa vyuo vya ufundi na taaluma humpokea kuanzia ngazi ya 4, akapata astashahada, akapanda hadi stashahada katika ngazi ya 6, na akiweza akaendelea hadi shahada. Baadhi ya wanafunzi makini niliowahi kuwafundisha walipanda ngazi hizo moja moja. Hufika darasani wakijua walichokifuata.

Zipo hoja za upande wa pili, na si za kubeza. Taifa hili lilijengwa kwa makusudi kwa kuwachanganya vijana: mtoto wa Pwani akasome Tabora, wa Kagera akasome Songea, wote wakutane Jeshi la Kujenga Taifa. Umoja tunaojivunia una mizizi katika mabweni hayo. Wahenga walisema tembea uone, na mimi mwenyewe nimefaidika kwa kutembea. Lakini umoja wa kitaifa ni mradi wa Taifa zima. Si haki gharama yake ibebwe na mama mwenye duka la vitenge. Isitoshe, anayedhani kijana wa Kariakoo haioni nchi akiwa kwao hajasimama Mtaa wa Congo asubuhi, akasikia lafudhi za mikoa yote na za wateja kutoka Kongo, Zambia na Komoro.

Hoja ninayoiona nzito zaidi ni nyingine: nyumbani kunaweza kuwa mtego. Mwanafunzi anayelala kwao huhesabiwa kuwa yupo. Dukani akikosekana mtu, anaitwa yeye. Mgeni akija, anapika yeye, hasa akiwa binti. Usiku chumba ni kimoja, televisheni inawaka, na kitabu hakina meza. Kijana wa namna hiyo anaweza kufeli akiwa hatua chache kutoka darasani kwake, na hapo tutasema chuo cha karibu hakifai, kumbe nyumba ndiyo haikumpa nafasi.

Kwa hiyo kuchagua chuo cha karibu ni uamuzi unaodai wajibu. Mzazi aliyeokoa kodi ya chumba cha mikoani anadaiwa kitu kingine: saa za jioni zisizo na duka wala jiko. Watumishi wa umma mnaosoma hapa nanyi mna sehemu yenu. Serikali ilianza kuwakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika mwaka wa masomo 2023/24. Ni hatua njema, nayo ipanuliwe hadi fani nyingi zaidi, ikiwemo biashara inayolisha mtaa huu. Maktaba za umma na za vyuo vya katikati ya jiji ziwe na saa za jioni zinazomfaa asiye na meza kwao. Nasi wahadhiri tuache kuvitaja vyuo hivi kana kwamba ni kapu la mabaki ya vyuo vikuu.

Nanyi wanafunzi, msichague chuo cha karibu kwa uvivu wa kuondoka, wala cha mbali kwa kiu ya kuondoka. Ulizeni fani inafundishwaje, mafunzo kwa vitendo yakoje, na mfuko wa nyumbani utafika hadi siku ya mahafali au utaishia njiani.

Yule mama nilimpigia simu siku ya pili. Nilimwambia amwache binti aende CBE, na awaambie wajomba kwamba mcheza kwao hutunzwa. Kisha nikaongeza sharti: kutunzwa huko kuanze dukani kwake. Ikifika saa kumi na mbili jioni, binti asiitwe kupima vitenge. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hilo ndilo gumu, kaka." Nikamwambia najua, na kwamba kwa mdogo wangu sikupiga hesabu hata hiyo.