Msimbo Ulioandikwa na Mashine Hauna Budi Kusomwa

Wapo wanaodhani kwamba mashine ikishaandika msimbo, kazi ya mtaalamu imekwisha. Dhana hiyo ni ya hatari, na lugha ya Java yatupatia mfano.

Tangu Java ilipotolewa mwaka 1995, programu zake kwa kawaida hugeuzwa kwanza kuwa msimbo wa kati, kisha hutafsiriwa katika lugha ya kompyuta wakati zinapoendeshwa. Njia hii huchelewesha mwanzo wa programu na hutumia kumbukumbu nyingi. Vyombo kama GraalVM huweza kutafsiri yote mapema. Programu ikaanza upesi, tena kwa kumbukumbu ndogo. Hiyo ni faida kubwa kwa mwenye mitambo hafifu.

Lakini mtafsiri wa mapema huchukua kile tu anachokiona. Spring, mfumo unaotumiwa sana kuundia programu za Java, huunda na kuunganisha vijenzi viitwavyo bini. Tangu toleo la 6 la Novemba 2022, mfumo huo waweza kuzalisha mapema msimbo unaofafanua kila bini: ni ya aina gani, huundwaje, na hutegemea bini zipi. Programu ikisha kujengwa, fafanuzi hizo hazibadiliki tena.

Tuchukue programu ya maktaba ambamo bini moja hutumia darasa linalotajwa kwa jina tu katika faili la mipangilio. Ikiendeshwa kwa njia ya kawaida, darasa hilo hupatikana. Ikitafsiriwa mapema, darasa huachwa nje, na programu hukwama mbele ya msomaji.

Dawa ipo. Spring humruhusu mtaalamu kuweka kichakataji chake kinachofanya kazi wakati wa kujenga. Kwacho aweza kurekebisha msimbo unaozalishwa kwa bini fulani, au kuongeza dokezo la kumwambia mtafsiri asiliache darasa lile. Lakini atarekebishaje asichokisoma?

Kwa hiyo haitoshi kumfundisha mwanafunzi amri ya kuzalisha msimbo. Afundishwe kuufungua, kuusoma mstari kwa mstari, na kuijaribu programu ile ile iliyokwisha kutafsiriwa, si nakala ya kawaida peke yake. Asiyefanya hivyo ataachiwa mitambo ambayo hawezi kuitengeneza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika kazi hii, ufa huzibwa kabla ya kutafsiri.