Wape Seva Sauti

Dereva wa matatu hageuki nyuma kuangalia nani anashuka. Konda anagonga bodi, gari linasimama. Anagonga tena, twende. Macho ya dereva yanabaki barabarani kwa sababu kazi ya taarifa imepewa masikio.

Sasa linganisha na tunavyolinda mitandao. Tunajaza ukuta skrini, tunamweka kijana mmoja zamu ya usiku na kumwambia akodolee vitaa vya kijani mpaka kuche. Kimoja kikigeuka chekundu saa tisa usiku, wakati ameenda kujitilia chai, ataitwa mzembe. Mimi nasema mzembe ni yule aliyenyamazisha mashine.

Na usiniambie eti teknolojia haipo. Nagios, iliyoanza 1999 ikiitwa NetSaint, ina mipangilio ya kuchagua mlio kwa kila aina ya tatizo: seva imeanguka, huduma iko hatarini, onyo tu. Ni vile mistari hiyo huja ikiwa imezimwa, na ni wangapi hujisumbua kuiwasha? Tumeamua tu kwamba sauti ni utoto, na grafu ndizo kazi ya watu wazima.

Historia inatucheka. Mike Muuss alipoandika ping, Desemba 1983, jina alilitoa kwenye mlio wa sona, ile mitambo ya kusaka vitu chini ya maji kwa sauti. Baadaye alisimulia kisa cha fundi aliyekuwa na mtandao unaokatika-katika. Fundi aliunganisha ping na programu ya kutamka, akafungulia spika za ofisi. Kila jibu liliporudi, kompyuta ilipaza: ping! ping! Jamaa akazunguka jengo zima akitikisa vichwa vya kebo, hadi sauti ikakatika. Ubovu ulikuwa hapo hapo mkononi mwake. Skrini gani ingemfuata hadi kwenye korido?

Mwaka 2000, Michael Gilfix na Alva Couch walienda mbali zaidi na programu yao, Peep. Waligeuza shughuli za mtandao kuwa sauti za maumbile, kama za ndege na maji. Unaendelea na kazi yako, na msitu ukibadilika, sikio linashtuka.

"Zii, itakuwa kelele tu." Hoja hiyo naiheshimu. Mwaka 1979, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, Marekani, ving'ora zaidi ya 100 vililia kwa mkupuo, na wahudumu hawakujua waanzie wapi. Lakini hilo ni kosa la mpangilio. King'ora kinajua kusema "kuna shida", basi. Sauti ya maneno inakwambia: "Ruta ya Mombasa haijibu kwa dakika tatu." Mambo madogo yanyamaze, makubwa yatamkwe, mara moja, kwa lugha inayoeleweka.

Na lugha hiyo iwe Kiswahili. eSpeak NG, programu ya bure ya kutamka maandishi, inazungumza Kiswahili. Lafudhi yake ni ya roboti, sawa, lakini mlinzi wa usiku ataelewa ampigie nani simu. Katiba yetu imekipa Kiswahili hadhi ya lugha ya taifa na lugha rasmi. Mbona kiishie kwenye wimbo wa taifa?

Kuna jambo zito zaidi. Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, alianzisha NVDA mwaka 2006, programu ya bure inayowasomea wasioona yaliyo kwenye skrini. Kwa hiyo kijana asiyeona anaweza kusomea mitandao na kuijua barabara. Halafu anafika kazini, anakuta tahadhari yote ni rangi nyekundu ukutani. Ujuzi anao. Amenyimwa mlio. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya vifaa vya kumwezesha kuvuka vizuizi vya ulemavu wake. Hapa hata kifaa kipya hakihitajiki, ni mistari michache ya mipangilio. Rangi zibaki kwa ajili ya viziwi, hakuna anayetaka kuzing'oa. Lakini mfumo unaosema na macho peke yake umeshachagua nani aajiriwe.

Wewe unayesimamia benki, hospitali, ama hata ruta ya ploti tu: fungua hayo mafaili leo. Washa mlio mmoja, uandike sentensi moja ya Kiswahili. Konda ameshagonga bodi. Simamisha gari, watu wapande.