Majirani, Tuyape Maji Njia Kabla ya Vuli

Ndugu zangu wa Syokimau, Mlolongo, Kitengela na Embakasi, sisi tuliojenga juu ya udongo mweusi, mvua za vuli huanza Oktoba na nina ombi kwenu kabla hazijafika.

Hali yetu tunaijua. Ua uliokuwa na nyufa za kuingiza kiganja mwezi wa Februari, ukifika Aprili ni dimbwi. Watoto wanashinda ndani, gambuti zimepangwa mlangoni, mbu wanazaliana nyuma ya jikoni. Kwa hiyo simlaumu hata kidogo mtu anayeona nyasi bandia zimekunjwa mbele ya duka, za kijani, safi, akasema moyoni kwamba dawa ya tope ameipata. Wengi mtaani wameshazitandika, na wengine wanaweka akiba.

Mimi sizipingi. Zikiwekwa na fundi anayeijua kazi, mtoto anaweza kurudi kucheza muda mfupi tu baada ya mvua kukatika. Lakini kinachokausha ua si nyasi zenyewe, ni kazi iliyofanywa chini yake. Udongo wetu ni mfinyanzi unaofyonza maji na kuvimba. Ukishavimba, hakuna tone linalopenya. Kiangazi kikija hunywea na kupasuka. Nyasi bandia zina vitundu vya kupitisha maji, na maji yakishapita hapo hukutana na udongo uleule. Kama fundi amemwaga mchanga kidogo akatandika juu yake, maji yatakaa chini ya nyasi na kuvunda, na ardhi ikipanda na kushuka, ua wote utafanya mawimbi.

Ukitaka kujua udongo wako ulivyo, chimba shimo la futi moja, lijaze maji jioni, yakishuka jaza tena, kisha litazame asubuhi. Kwa wengi wetu, asubuhi maji bado yamo.

Fundi mzuri huanza kwa kuchimba. Anaondoa udongo mweusi, anaupa ua mteremko wa sentimita moja au mbili kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje, kwa sababu maji yakituama kwenye msingi ndiyo yanayopasua kuta zetu. Anatandika kitambaa cha kuzuia udongo usipande, anamwaga tabaka la kokoto lenye unene wa sentimita 10 hadi 15 na kulishindilia, na katikati ya kokoto analaza bomba lenye matundu. Kabla hujamlipa hata shilingi, mwulize: bomba hili linatokea wapi?

Hapo ndipo ombi langu lilipo. Mara nyingi bomba linatokea kwenye ua wa jirani. Tajiri wa kwanza kutandika nyasi, ua wake unakauka, anayefuata anainua ua wake kwa kifusi, na wa tatu, pengine mama mzee asiye na uwezo wa kununua hata lori moja la kokoto, anapokea maji ya wote. Haifai. Mtaa hauwezi kukauka nyumba moja moja.

Hebu tupige hesabu ya kawaida. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 10 kwa 10, mvua ya milimita 30 ikinyesha, linamwaga lita 3,000. Nyumba 20 zinamwaga lita 60,000 kwa mvua ya alasiri moja, na hapo hatujahesabu nyua wala barabara ya kabro. Sehemu kubwa ya maji yanayoleta tope tunalolalamikia imeshuka kutoka kwenye mapaa yetu wenyewe. Mwenye gata na tangi la lita 5,000 amekwisha kuzuia sehemu ya shida yake isifike chini, na mwezi wa Januari, maji ya mfereji yanapokatika, atashukuru.

Maji ya mvua yanayobaki yanahitaji mtaro mmoja wa mtaa, wenye mteremko unaoeleweka, unaopita mbele ya kila geti na kufika kwenye mfereji wa umma. Aprili 2024, Mto Athi ulipofurika na Kitengela ikakatika, tuliona maji yakikosa njia hufanya nini. Mto hatuwezi kuuzuia kwa majembe. Mitaro iliyozibwa kwa mifuko, taka za ujenzi na vijia vya magari tulivyojaza mawe bila kuacha bomba, hiyo tunaiweza kabisa.

Kwa mnaonunua nyasi hata hivyo, chagueni zinazojazwa mchanga, si punje za mpira. Punje hizo husombwa na mvua hadi mitoni, na Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2023 kuziondoa sokoni hatua kwa hatua. Nchi iliyopiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017 isianze kumwaga plastiki upya kupitia nyua zake. Mkumbuke pia kwamba jua la saa saba huzichoma nyasi bandia kiasi cha kuunguza nyayo za mtoto, kwa hiyo acheni kivuli, na kando ya ukuta wa ua acheni ukanda wa ardhi wenye mimea.

Ninachoomba ni kikao. Wenyeviti wa mitaa, iteni watu Jumapili moja kabla ya Septemba kuisha, mtembee pamoja kutoka nyumba ya juu hadi ya chini, mwone maji yanaingilia wapi na kutokea wapi. Mwenye fedha achangie kokoto, mwenye nguvu alete jembe, fundi wa mtaa apime mteremko. Pale mtaro wenu unapogota kwa kukosa mfereji wa umma, andikeni barua kwa kaunti, Machakos, Kajiado au Nairobi, na mwende kwenye vikao vya bajeti mkiwa wengi, na picha za mafuriko ya masika mkononi. Na ile nyumba ya chini kabisa, inayopokea maji yetu sote, ndiyo tuanze nayo kuchimba.