Spika Sita, Sauti Mbili

Mama na dada zangu, kuna nyumba zilizodunduiza fedha zikanunua risiva na spika sita, tano za kawaida na moja ya besi, kisha sauti ikatoka kwenye mbili za mbele tu. Muuzaji husema inunuliwe risiva nyingine. Subirini kwanza. Aghalabu kasoro iko kwenye deki. Ikipangwa PCM, deki huifumbua sauti yenyewe. Na waya wa mwanga, ule wenye nuru nyekundu nchani, haubebi PCM ya zaidi ya njia mbili. Ingieni katika mipangilio ya sauti ya deki, mchague Bitstream: Dolby Digital au DTS itapita ikiwa imefungwa, na risiva ndiyo itakayoifumbua na kuigawa. Jina hilo likitokea kwenye kioo cha risiva, mmefaulu. Mwenye waya wa HDMI, na risiva inayoipokea sauti yake, amepumzika. Huo hubeba njia nane hata kwa PCM.

Filamu iliyorekodiwa kwa njia mbili haitageuka kuwa ya sita; risiva huitawanya tu.

Spika ya kati, ibebayo maneno, ielekee masikio ya walioketi. Ya besi msiiegemeze ukuta wa jirani. Mngurumo wake hupenya mawe, na huenda upande wa pili kuna mtoto aliyelala.