Filamu za kutisha za Waitaliano: nani alishika kamera, nani alikufa mbele yake?

Jumamosi moja jioni, kwenye saluni ya kunyoa nywele pale Essence, vijana wanne walikuwa wameinamia telefone moja. Niliwaza wanatazama mpira. Kumbe ilikuwa kipande cha filamu ya zamani: askari Wazungu juu ya jeep, muziki mtamu wa vinanda, kisha mtu mweusi anapigwa risasi karibu sana na kamera. Mmoja alicheka, mwingine akageuza uso. Wa tatu alimuuliza mzee aliyekuwa anangoja zamu yake: « Papa, hii njo Kongo kweli? » Mzee akatazama kidogo, akajibu: « Njo Kongo, mtoto wangu. Lakini ule mwenye anaelezea hakukuwa wa huku. »

Jibu hilo lilinifanya nitafute filamu nzima na kuitazama, kwa siku mbili kwa sababu ya umeme. Inaitwa Africa Addio, maana yake « Kwaheri Afrika ». Ilitoka mwaka 1966, kazi ya Waitaliano wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi. Ni ya zaidi ya saa mbili. Inapita Kenya baada ya Mau Mau, Zanzibar ya Januari 1964, Tanganyika ya maasi ya wanajeshi, kisha inafika kwetu, Kongo ya Simba na ya mamluki, wale askari wa kukodiwa ambao wazee wetu waliwaita mersenere. Kule Italia ilimpatia mtayarishaji wake, Angelo Rizzoli, tuzo ya David di Donatello. Lakini Agosti mwaka uleule, wanafunzi Waafrika na Wajerumani wa Berlin Magharibi waliandamana mbele ya sinema iliyokuwa ikiionyesha, wakisema ni filamu ya ubaguzi wa rangi. Huko Marekani baadaye ilikatwa ikabaki karibu saa moja na nusu, maelezo ya siasa yakatolewa, damu ikaachwa, na ikapewa jina jipya: Africa Blood and Guts, yaani damu na matumbo.

Kuna sababu ya kuizungumzia leo, karibu miaka 60 baadaye. Filamu hii ni mama wa ukoo mzima wa filamu za kutisha za porini zilizotengenezwa na Waitaliano miaka ya 1970 na 1980: Wazungu wanaingia msituni, wanakutana na « wala watu », na mtazamaji analipa ili aone nani ataliwa. Iliyo maarufu kuliko zote ni Cannibal Holocaust ya Ruggero Deodato, ya mwaka 1980, iliyopigwa kule Leticia, Kolombia. Undugu huu si wa mawazo tu. Riz Ortolani aliyetunga muziki wa Africa Addio ndiye aliyetunga muziki wa Cannibal Holocaust. Antonio Climati aliyeshika kamera ya Africa Addio alikuja kuongoza filamu yake mwenyewe ya msitu wa Amazon, Natura contro, mwaka 1988. Waliojifunza kazi Afrika walikuwa wameelewa kwamba msitu wowote unafaa, mradi watu wake wasiwe na jina.

Na Cannibal Holocaust yenyewe inaeleza siri hiyo bila haya. Hadithi yake ni ya waandishi wa televisheni wanaochoma nyumba za wenyeji na kuwatesa ili wapate picha kali, mpaka wenyeji wanawageukia. Ni kama Deodato anawashitaki Jacopetti na wenzake. Lakini ndani ya filamu hiyohiyo kuna dakika chache za watu wanaouawa kwa kweli, picha zilizochukuliwa Nigeria na Asia ya Kusini-Mashariki, zimewekwa hapo kama pilipili kwenye sahani. Kobe na nyani waliuawa kweli mbele ya kamera. Wahusika Wazungu walikufa kwa uongo, lakini uongo huo ulifanana na ukweli kiasi kwamba mahakama ya Milano ilimwandama Deodato kwa shitaka la kuwaua, na akalazimika kuwaleta waonekane wako hai. Hao watu weusi wa zile picha za kuazima, hakuna aliyeuliza majina yao.

Hapo ndipo Boende inaingia. Mwisho wa mwaka 1964, Jacopetti na kikundi chake walikuwa pamoja na mamluki katika eneo la Boende, ambalo leo ni jimbo la Tshuapa. Mwandishi wa gazeti la Italia L'Espresso, Carlo Gregoretti, aliandika kwamba mauaji fulani yalipangwa kufuatana na mahitaji ya kamera: kwamba bunduki zilingoja mpiga picha awe tayari. Jacopetti alikana. Kesi ilifunguliwa Italia, naye akaondolewa hatia, mahakama ikikubali kwamba hakuagiza mauaji. Sisemi kinyume cha hukumu hiyo. Ila naona jambo moja ambalo mahakama haikuulizwa. Hata kama hakuna aliyesema « ngojeni kidogo », kamera ilikuwa pale, askari waliiona, na yule aliyekuwa anakufa pengine aliiona vilevile. Nimekwisha kufanya kazi hii miaka kumi. Najua watu wanavyobadilika ukitoa kamera. Hata mama anayeuza sambaza ukimlenga anarekebisha kitambaa chake. Mtu mwenye bunduki je?

Kwa nini Waitaliano wa wakati ule walikuwa tayari kuamini lolote juu yetu? Msomaji wa Kivu na Maniema anapaswa kukumbuka Kindu. Tarehe 11 Novemba 1961, wanajeshi 13 wa ndege wa Italia waliokuwa wakileta vifaa kwa askari wa ONU walikamatwa na kuuawa na wanajeshi Wakongomani, waliodhani ni mamluki wa Katanga. Ulikuwa uhalifu, na haufai kupunguzwa. Lakini magazeti ya Ulaya yaliongeza kwamba miili ililiwa. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 1962, miili ilipatikana imezikwa makaburini Tokolote, pembeni ya Kindu, ikarudishwa Pisa, ambako kuna jengo la ukumbusho mpaka leo. Habari ya kuzikwa haikukimbia kama habari ya kuliwa. Kizazi kilichonunua tikiti ya Africa Addio miaka minne baadaye kilikuwa kimekwisha kusoma hiyo ya kwanza.

Sasa niseme ukweli ambao wasomaji wengine hawataupenda: filamu hiyo inavuta. Imepigwa vizuri mno. Kuna ndege, kuna tembo, kuna nyuso ambazo kamera inakaa nazo muda mrefu kuliko televisheni yetu inavyothubutu. Muziki wa Ortolani unakuingia bila ruhusa. Nilijikuta nasubiri sehemu ya Kongo kwa hamu ambayo baadaye ilinitia aibu. Vijana wa saluni hawakuwa wajinga kuitazama. Walikuwa wanatafuta nchi yao. Tuna picha ngapi za Kongo ya 1964 zinazotembea? Bukavu ilipigana mwezi Agosti mwaka ule, Simba wakafika mjini, jeshi chini ya Léonard Mulamba likawarudisha, na mtoto wa leo hana anachoweza kutazama isipokuwa picha chache zisizotembea na masimulizi ya babu. Ukiwa na njaa namna hiyo, unakula hata chakula cha adui.

Ndugu zetu wa Zanzibar wana tatizo hilo kwa uzito mkubwa zaidi. Katika siku za mapinduzi ya Januari 1964, Jacopetti na wenzake waliruka juu ya kisiwa, wakapiga picha za umati wa watu ufukweni na za maiti. Hadi leo, anayetaka kuthibitisha kwamba mauaji yalitokea, hasa ya Waarabu, anaonyesha dakika hizo. Anayetaka kuyakana anasema: filamu ya wabaguzi, ya watu walioshitakiwa, utaiaminije? Wote wawili wana hoja. Maelezo yanayosomwa juu ya picha ni ya dharau kwa Mwafrika na kwa Mwarabu pamoja, lakini maiti si maelezo. Wale watu walikuwepo. Kwa hiyo mtoto wa aliyeuawa analazimika kumshukuru mtu aliyemdharau babu yake, kwa sababu hakuna mwingine aliyeruka juu siku ile.

Kuna wenzangu wanaosema filamu hizi zifungwe tu, ziondolewe, eti zinatuchafua. Sikubaliani nao, na sababu yangu iko Ituri. Mwanzoni mwa 2003, MONUC ilitangaza kwamba uchunguzi wake upande wa Mambasa ulithibitisha ubakaji, mauaji na hata visa vya kulazimisha watu kula nyama ya binadamu, vilivyofanywa na wapiganaji wa makundi ya waasi. Tukisema kila habari ya ukatili ni hadithi ya Mtaliano, tunawafunga mdomo mashahidi wetu wenyewe. Mashahidi wanasema nani alifanya, wapi, siku gani, kwa amri ya nani. Filamu ya porini inasema tu: ndivyo walivyo.

Chukua Mapping Report, ile ripoti ya ONU iliyotoka tarehe 1 Oktoba 2010. Inaorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Haina muziki, haina picha hata moja ya kutisha, na ni ngumu kuimaliza. Ukienda kwenye kurasa za Kivu Kusini, unakuta Kasika, Agosti 1998: siku, parokia, Mwami. Kasika hapakuwa na kamera ya Mtaliano wala ya mtu mwingine. Watu wa Mwenga hawakuhitaji kamera ili wakumbuke, lakini walihitaji kurasa zile ili wengine wasiweze kusema hawakujua. Tangu 2010 ripoti ile inangoja mahakama. Africa Addio haikungoja hata mwaka mmoja kupata tuzo.

Na kuna wanaoshika kamera kwa namna nyingine. Dieudo Hamadi ni mtoto wa Kisangani, ile Stanleyville ya zamani. Filamu yake Maman Colonelle, ya 2017, inaanzia hapahapa Bukavu, na koloneli Honorine Munyole wa polisi aliyekuwa analinda wanawake na watoto, kisha anahamishiwa Kisangani. Huko anawakuta waliobaki wa vita vya siku sita, vya Juni 2000 kati ya majeshi ya Rwanda na Uganda. Kutoka hapo Hamadi alitengeneza En route pour le milliard, ya 2020: watu waliokatika miguu na mikono wanapanda mashua kwenda Kinshasa kudai malipo yao. Ilichaguliwa Cannes mwaka ule. Miili iliyokatwa iko pale, mbele ya kamera, karibu kama kwa Jacopetti. Lakini wanagombana, wanaimba, wanaitana majina, wanalalamika kuhusu chakula cha mashua, na unajua wanataka nini. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita. Kule saluni niliuliza nani aliwahi kuona mojawapo ya filamu hizo mbili. Hakuna hata mmoja. Kipande cha Africa Addio kiliwafikia bure. Filamu za Hamadi zinaonyeshwa kwenye festivali, kwenye kituo cha utamaduni siku moja moja, kisha zinapotea. Hili ni jambo ambalo wenye filamu na wenye kumbi wangeweza kulirekebisha kesho.

Maana kamera leo tunayo sisi. Tarehe 27 Februari 2025, milipuko ilipotokea kwenye mkutano wa AFC/M23 pale Place de l'Indépendance, wengi tuliona maiti kwenye telefone kabla ya kujua ni wangapi, na kabla ya familia kujua ni wa nani. Video zilivuka mpaka, zikapewa maelezo mapya kule zilikofika: wengine walisema ni Goma, wengine walisema ni mwaka mwingine, kila upande ukiandika mwenye hatia kadiri ulivyotaka. Hakukuwa na Mtaliano. Mwenye kupiga alikuwa jirani, labda mwenyewe akitetemeka, labda akitaka tu kusema mimi nilikuwepo. Kuna ambaye video yake itahitajika siku moja mbele ya jaji, na sitaki mtu amwambie aifute. Aihifadhi nzima bila kuikata, na saa yake na mahali pake.

Siku chache baada ya milipuko ile, kijana mmoja alinionyesha video yake, ya dakika mbili hivi, akaniuliza kama tungeinunua. Nilimuuliza yule mama anayeonekana chini, mwenye kitenge cha njano, ni nani. Alisema hajui. Nikamuomba arudi aulize mtaani, na asimtumie mtu mwingine kwanza. Alirudi kesho yake jioni. Alikuwa amepata jina, na nyumba, na mtoto wa kiume wa mama huyo, ambaye alikuwa ameomba jambo moja: video isiende popote mpaka wamalize matanga. Bado iko kwenye telefone ya kijana. Haijaandikwa katika ukurasa huu, na jina pia.