Marafiki wa chuo ni akiba ya watoto wako

Mzazi mwenzangu, wiki hii nina swali moja kwako. Ukiondoka duniani leo usiku, je, mwanao anajua namba ya hata mmoja wa wale uliosoma nao chuo?

Huku kwetu Kasulu na Kibondo, watoto wengi wamelelewa kwa mshahara wa ualimu. Tunacho Chuo cha Ualimu Kasulu, na pale Kabanga kuna kingine. Kijana anaingia chuoni akiwa mgeni. Analala bweni moja na wenzake wa mikoa mingine, wanaazimana ndoo na pasi, wanakwenda pamoja kwenye mazoezi ya kufundisha. Wakimaliza, ajira inawatawanya. Mmoja anapangiwa Mabamba, mwingine Nyakitonto, mwingine Lindi. Siku hizi kundi la WhatsApp ndilo linalowakutanisha tena.

Undugu huu si wa kubeza. Mwalimu Nyerere alisoma Makerere kati ya 1943 na 1945. Akiwa huko, yeye na wenzake kina Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu walianzisha chama cha wanafunzi wa Tanganyika. Aliporudi nyumbani alifundisha St. Mary's, Tabora, na Tibandebage alikuwa mwalimu mwenzake hapo hapo. Urafiki wa chuo uliwafuata kazini na kwenye siasa.

Kasoro yetu ni kwamba undugu huu tunauweka ndani ya simu ya mtu mmoja. Akifariki, simu ina nywila na laini inazimwa. Wenzake wanachanga rambirambi, wanakuja kuzika, majina yao yanaandikwa kwenye daftari la msiba, kisha kila mtu anarudi kwake. Baadaye mjane anaanza safari za mahakama ya mwanzo kutafuta usimamizi wa mirathi, halafu mafao PSSSF. Huko anaulizwa cheki namba na barua ya ajira ya marehemu. Nani wa kumwelekeza, kama si yule aliyeajiriwa pamoja na mumewe na anayezijua karatasi hizo?

Kuna watoto pia. Elimu bila ada ipo tangu 2016, lakini sare, godoro la bweni na nauli bado vinahitaji mtu wa kuvinunua. Rambirambi huisha matanga yakianuliwa. Mtoto wa darasa la tatu ana miaka mingi ya kusoma mbele yake.

Kwa hiyo tufanye mambo manne.

Kwanza, andika majina matatu ya wenzako wa chuo na namba zao kwenye daftari, uliweke pamoja na vyeti vyako. Usitegemee simu peke yake.

Pili, mwenza wako awafahamu. Wapo wanaoficha kundi la chuo kwa sababu nyumbani kuna wivu. Siri hiyo watakuja kuilipia watoto. Mkaribishe mwenzako wa chuo, awe mwanamume au mwanamke, aje na familia yake mle pamoja.

Tatu, watoto watembeleane. Kama wewe uko Kasulu na mwenzako yuko Kibondo, likizo ya Desemba mwanao akakae wiki moja kwake. Amwite baba mdogo au shangazi huku akimjua kwa sura, asiwe anamsikia tu kwa jina.

Nne, kikundi chenu kiandike kitakachofanyika baada ya arobaini. Mfuko wa watoto utengwe na ule wa rambirambi. Wachaguliwe watu wawili wa kufuatana na mjane au mgane mpaka mafao yatoke, na wa kumpigia simu mtoto kila muhula unapofunguliwa. Simu hiyo haihitaji fedha nyingi, na mtoto anajua kuwa bado ana watu.

Na kama una mtoto aliye chuoni sasa, usimuulize matokeo tu. Muulize analala chumba kimoja na nani, na huyo mwenzake ni wa wapi. Huenda huyo ndiye atakayewasomesha wajukuu zako.

Jioni ya leo itoe ile picha ya mahafali, mwite mwanao mkubwa, umwoneshe mmoja mmoja na umtajie yuko wapi sasa.

Tukutane wiki ijayo.